Sifuri Juu ya Paa la Ghala

Asubuhi za likizo, Kibiriti alikuwa na ratiba yake. Aliosha vyombo, akafagia mbele ya nyumba, akajaza chupa ya maji, kisha akaning'iniza darubini shingoni na kushika njia ya shule. Shule ilikuwa imefungwa na kila darasa lilikuwa na kufuli, lakini yeye hakuwa na shida na madarasa. Alizunguka nyuma, akapanda ngazi ya chuma hadi juu ya ghala, kwenye paa tambarare la zege lenye tangi la maji pembeni. Huko ndiko alikokuwa akihesabu ndege. Au tuseme ukweli, huko ndiko alikokuwa akisubiri ndege wa kuhesabu, maana tangu likizo ianze hakuwa amepata hata mmoja.

Jina la Kibiriti alibandikwa na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu ya hasira zake za karibu. Ukimgusa kidogo tu anawaka. Na juu ya paa lile kila kitu kilimgusa. Jua lilimpiga utosini. Nzi walimtua puani kila alipoinua darubini. Shingo ilimuuma kwa kutazama juu hadi jioni, na mwenzake hakunyamaza.

Huyo mwenzake alikuwa mvulana wa darasa lake aliyeitwa Redio. Huhitaji kuuliza kwa nini.

"Kibiriti, tazama kule. Kile cheusi."

"Mfuko wa plastiki."

"Una uhakika? Mbona unapiga mbawa?"

"Redio, huo ni mfuko! Upepo unaupeperusha. Nikuandikie mfuko?"

"Sijasema uandike. Nimesema utazame."

Aliyewapandisha huko ni shangazi yake Kibiriti. Shangazi alikuwa mtaalamu wa ndege, na kila mwaka alikuja kukaa kwao kwa msimu mmoja, akalala chumba kimoja na Kibiriti, akajaza meza ramani na viatu vyenye matope. Alikuja kwa sababu ya ndege wawindaji. Baridi inapopungua kaskazini ya mbali, tai, vipanga na jamaa zao hurudi makwao kuzaa, na safari hiyo huwapitisha juu ya mji ule. Siku nyingi hupita wachache wachache. Lakini katika kila msimu kuna asubuhi moja ambapo kundi kubwa hupita kwa pamoja, mbingu ikajaa, na baada ya hapo msimu huwa karibu umekwisha. Kulihesabu kundi hilo ndiyo kazi yenyewe. Kwa idadi hiyo, wataalamu hujua kama ndege hao wanapungua au wanaongezeka duniani.

Mwaka huo shangazi aliomba msaada wa watoto wa klabu ya mazingira, akawagawa vituo viwili. Wakubwa walikwenda kilimani, nyuma ya kiwanda cha matofali, chini ya mwanafunzi wa sekondari waliyemwita Kaka Mrefu. Kibiriti na Redio, wadogo kuliko wote, wakapewa paa la ghala.

Sheria ilikuwa rahisi. Unavuta mstari kwa macho kutoka mnara wa simu hadi bomba la moshi la kiwanda. Ndege mwindaji akikata mstari huo akielekea kaskazini, unabonyeza mara moja kidude cha kuhesabia, ambacho hukaa kiganjani na kulia tiki.

"Lakini mwenyeji hahesabiwi," shangazi aliwaonya siku ya kwanza. "Wale mwewe wa machinjioni wanaishi hapa mwaka mzima, mnawajua kama mnavyowajua majirani. Mkia wa mwewe una panda, umegawanyika kama wa samaki. Sisi tunahesabu wapita njia tu."

Kila jioni watoto wote walikutana kwenye baraza la kina Kibiriti kusoma idadi ya siku. Hapo ndipo alipoteseka zaidi.

"Kilimani?" shangazi aliuliza.

"Hamsini na nne!" Kaka Mrefu alijibu, akijinyoosha kana kwamba ndege wale aliwataga mwenyewe.

"Juu ya ghala?"

"Sifuri," Kibiriti alisema, akitazama vidole vya miguu yake.

"Shangazi hakusikia," mtoto mmoja wa kilimani alisema. "Rudia kwa sauti."

"Sifuri!"

Watoto wakacheka. Shangazi aliandika bila kuinua kichwa, akasema asante, akaendelea na mambo mengine. Kibiriti aliingia ndani akiwa amenuna hadi mama yake akasimamisha cherehani.

"Binti yangu, ukifinya uso hivyo utabaki hivyo hivyo. Nani kakuudhi?"

"Ndege!"

"Basi. Wengine wanaudhiwa na watu, wewe unaudhiwa na ndege," mama alisema, na cherehani ikaendelea kulia.

Asubuhi iliyofuata Kibiriti alimkabili shangazi wakati anafunga kamba za viatu.

"Shangazi, nipeleke kilimani. Kule juu ya ghala hakuna kitu."

"Kilimani wanatosha, mwanangu."

"Lakini mimi naona vizuri kuliko wote! Wewe mwenyewe ulisema. Halafu unaniweka mahali pasipopita hata kunguru."

"Naihitaji sifuri yako," shangazi alisema, akitafuta funguo zake huku na huku. "Nikipata muda nitakueleza. Nenda, utachelewa."

Naihitaji sifuri yako! Kibiriti aliirudia kauli hiyo njia nzima akibana pua. Nani anahitaji sifuri? Aliamini anabembelezwa kama mtoto mchanga. Na lililomuuma zaidi ni darubini kubwa ya miguu mitatu, ambayo shangazi alikuwa nayo moja tu. Asubuhi ya kundi kubwa, darubini hiyo ingesimamishwa kwenye kituo chenye ndege, na mtoto mmoja angesimama kando yake na kuwa jicho la pili la shangazi. Kibiriti aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Kwa sifuri zake, angeisikia ikisimuliwa barazani tu.

Alasiri ya siku hiyo upepo ulibadilika, ukaanza kuvuma kutoka upande wa kilima kuelekea mjini. Kule machinjioni walimwaga matumbo nyuma ya ukuta kama kawaida, na mwewe walipokwisha kushiba wakaanza kupanda. Walizunguka katika hewa ya moto, wakapaa juu zaidi kuliko siku nyingine, na upepo ukawasukuma polepole mpaka wakakata mstari wa mnara na bomba la moshi. Walikuwa wakielekea kaskazini.

Tiki, kikalia kidude. Tiki, tiki, tiki.

"Unafanya nini?" Redio aliuliza.

"Nahesabu."

"Hao ni wa machinjioni!"

"Wamekata mstari au hawajakata?"

"Wamekata, lakini..."

"Wanaelekea kaskazini au hawaelekei?"

"Wanaelekea kwenye ile mikaratusi kulala! Tazama, huyo anarudi. Na umeshamhesabu!"

Kibiriti alimgeukia, macho yamemtoka. "Nani kiongozi wa kituo hiki? Ukifungua mdomo wako, Redio, sisemi nawe mpaka tumalize shule."

Kwa mtu kama Redio, kukosa wa kuongea naye ilikuwa adhabu kubwa kuliko viboko. Alifunga mdomo. Mwewe wale wakaenda na kurudi, na kila walipokwenda, kidude kililia.

"Juu ya ghala?" shangazi aliuliza jioni, kalamu tayari.

"Sitini na moja. Walikuwa juu sana, sikuona aina."

Watoto wote wakageuka kumtazama. Kilimani siku hiyo walikuwa wamepata tisa tu. Shangazi aliinua kichwa, akamtazama Kibiriti, macho yake yakang'aa. "Hongera sana! Hongereni wote wawili." Kaka Mrefu alimpa mkono kama mtu mzima mwenzake. Kibiriti alitabasamu, lakini alishangaa kwamba furaha ile haikushuka tumboni. Ilikaa mdomoni tu.

Kesho yake alipanda ngazi akiwa na tatizo jipya. Ukishasema sitini na moja, huwezi kurudi kwenye sifuri bila kuulizwa wameishia wapi. Ikabidi awahesabu tena mwewe wale wale, wakienda na wakirudi, huku Redio akimpa mgongo na kuchokoa kutu ya tangi kwa ukucha. Kidole gumba kilimuuma. Alijichukia, akamchukia Redio kwa kunyamaza, akawachukia mwewe ambao hawakuwa na kosa lolote. Jioni akataja mia na kumi, na hakuweza kumtazama mtu.

Shangazi alitandaza ramani sakafuni. Simu yake ilikuwa imelia muda mfupi uliopita.

"Sikilizeni. Wenzetu wa kusini wameniambia kundi kubwa limetua jioni hii kulala kwenye bwawa. Kesho asubuhi litapita kwetu." Akachora kwa kidole. "Kila mwaka nalingojea kilimani. Lakini upepo umegeuka, kilimani ndege wameisha, na juu ya ghala wanaongezeka. Njia imehamia mjini. Kesho tunafunga kilima. Wote tunakuwa juu ya ghala."

Watoto walishangilia. Shangazi akamwekea Kibiriti mkono begani. "Na wewe utasimama nami kwenye darubini kubwa. Umeistahili."

Kibiriti alikuwa amekipata alichokitaka, chote, mpaka kile alichokuwa akikiona ndotoni. Lakini wakati wa chakula alisukuma sahani pembeni. Mama alimgusa paji la uso kuona kama ana homa, akamwambia shangazi, "Wifi, kazi zako hizi zitaniuguzia mtoto." Shangazi akacheka na kusema ni msisimko tu, kesho utaisha.

Asubuhi paa la ghala lilijaa watu kama jukwaa la mpira. Darubini kubwa ilisimama katikati. Shangazi alichungulia kusini, akafuta kioo, akachungulia tena. Jua lilipanda. Hakuna kitu. Watoto wa kilimani walianza kusukumana na kunong'ona, na Kaka Mrefu alitazama kilima chake kwa mbali kama mtu aliyeacha mlango wazi nyumbani.

Simu ya shangazi ikalia. Alisikiliza, akaikata. "Wameruka! Kundi lote limeshapaa. Tulieni, watafika hapa."

Kibiriti alijua hawatafika hapo. Alijua kuwa katika likizo nzima hakuna mpita njia hata mmoja aliyekata mstari ule juu ya ghala, upepo uwe umegeuka au haujageuka. Angeweza kunyamaza. Kundi lingepita mbali, shangazi angesema ndege ni ndege, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama shangazi, ambaye alikuwa amekaza macho kusini kwa imani yote, imani ambayo Kibiriti ndiye aliyempa.

"Shangazi, hawatapita hapa."

"Subira, mwanangu. Ndio kwanza..."

"Hawatapita! Niliwahesabu mwewe. Siku zote mbili. Mwewe wa machinjioni, wakienda na wakirudi. Wapita njia walikuwa sifuri." Akamgeukia Redio. "Redio alinikataza, nikamtisha. Ni mimi."

Shangazi alimtazama, na Kibiriti akatamani zege lipasuke limmeze. Hasira ilipita usoni mwa shangazi waziwazi, ikashuka hadi kwenye mikono iliyoshika darubini. Lakini kisha akageuza kichwa kuelekea kilimani.

"Maneno baadaye," alisema. "Kunjeni miguu ya darubini. Haraka!"

Walishuka ngazi wakikanyagana vidole. Barabarani lori la kiwanda cha matofali lilikuwa likirudi tupu, na dereva alipoona watoto wote wale wanampungia mikono alifunga breki, akidhani kuna msiba.

"Kuna nini?"

"Ndege!" Redio alipiga kelele.

"Ndege gani wa kusimamishia lori?"

"Tupeleke kilimani, kaka, tafadhali, nitakueleza njiani," shangazi alisema akiwa tayari ameshakanyaga ngazi ya lori. Dereva alitikisa kichwa, lakini alikanyaga mafuta. Watoto walirushwarushwa nyuma katika vumbi jekundu la matofali, na hakuna aliyemsemesha Kibiriti.

Walipofika kileleni, ndege walikuwa tayari wanapita.

Kibiriti hakuwahi kuona kitu kama kile. Walikuja kutoka kusini wakiwa wametulia, mbawa pana zimenyooshwa, bila kupiga hata pigo moja. Walipofika juu ya kilima walizunguka kwa mamia, wakapaa, kisha wakaserereka mmoja baada ya mwingine kuelekea kaskazini. Na huko kaskazini, mbali, kulikuwa na vitone vyeusi vilivyokuwa vimeshapita, vikididimia kwenye anga hadi havionekani tena. Vilikuwa vingi. Kibiriti aliinua darubini kuvifuata, akashindwa kuvihesabu, na machozi yakajaa vioo.

"Acha hao, wameshakwenda!" shangazi alimwita. "Njoo upande wa kushoto. Usihesabu wakizunguka, utamhesabu mmoja mara tatu. Ngoja aondoke kwenye mzunguko. Chukua kumi, jifunze ukubwa wa kumi, kisha kata kundi kwa kumi kumi."

Alihesabu. Alihesabu mpaka kidole kikafa ganzi, akabadilisha mkono. Hakuna aliyecheka wala kunywa maji. Na Redio, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alizungumza namba tu. Ndege wa mwisho alipopita peke yake, akionekana mdogo kwenye anga tupu, shangazi aliketi kwenye jiwe na kujumlisha namba za wote.

"Elfu moja mia nne na thelathini," alisema.

"Ni nyingi?" Redio aliuliza.

"Mwaka jana walikuwa zaidi ya elfu tatu."

Watoto walitazamana. Kaka Mrefu akakohoa. "Shangazi, tulichelewa. Waliotangulia labda walikuwa nusu. Tukiandika elfu tatu, si itakuwa karibu na ukweli?"

Shangazi alimpa Kibiriti kalamu na karatasi ya siku. "Andika wewe."

Kibiriti alielewa kwamba macho yote yako juu yake. Elfu tatu ingemwokoa. Ingefunika kila kitu, na safari hii hakuna ambaye angemlaumu, maana si yeye aliyeisema. Aliandika elfu moja mia nne na thelathini. Chini yake akaandika kwamba kabla ya hapo hakukuwa na mtu kilimani, na ndege waliopita hawakuhesabiwa. Kisha akaomba karatasi za siku mbili zilizopita. Akafuta sitini na moja, akafuta mia na kumi, na kando ya kila moja akaandika sifuri, na sababu yake.

"Mmesikia nilichofanya," aliwaambia wenzake. "Mliacha kituo chenu kwa sababu yangu. Samahanini. Na wewe, Redio, samahani."

"Basi tunaongea?" Redio aliuliza.

"Tunaongea."

"Afadhali. Nilikuwa napasuka."

Wachache walicheka. Kaka Mrefu hakucheka, na Kibiriti hakumlaumu. Kundi lile lilikuwa lake pia, na nusu yake ilikuwa imempita akiwa kwenye paa la ghala.

Watoto walianza kushuka kilima. Kibiriti alibaki kubeba miguu ya darubini, na shangazi akatembea kando yake.

"Umeniudhi sana," shangazi alisema. "Nisikufiche. Nimekuja kutoka mbali kwa ajili ya asubuhi moja, na sasa nikiulizwa kama ndege hawa wamepungua mwaka huu, sitajua. Huenda wako salama. Huenda wanakwisha. Jibu lilipita hapa leo, na hatukuwepo. Halitapita tena."

"Najua, Shangazi."

"Na mimi nina kosa langu. Nilipokwambia naihitaji sifuri yako, nilikuwa natafuta funguo. Nilipaswa kukaa chini nikueleze." Alisimama. "Sasa nakueleza. Mimi nina macho mawili tu. Siwezi kuwa kila mahali. Nikisimama hapa, ni kwa sababu kuna mtu mwaminifu kule ameniambia kule hakuna kitu. Ile sifuri yako ndiyo iliyokuwa inaniweka mahali sahihi kila siku. Ulipochoka nayo ukaiuza kwa sifa, ulinipofusha."

Kibiriti alifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Kazi nyingi za maana hazishangiliwi, mwanangu. Unakaa, unatazama, unasema ulichoona, kesho unarudia. Ukikiona kidogo, sema kidogo. Usipoona kitu, sema hukuona. Mtu akiweza hivyo, wenzake wanaweza kumwachia upande mmoja wa dunia, wakageuza shingo zao upande mwingine bila wasiwasi."

Waliendelea kushuka. Msimu haukuwa umekwisha kabisa. Wale wachache wa mwisho, wazee na wagonjwa na waliopotea, wangepita kwa siku kadhaa bado, na shangazi alisema mtu atahitajika kila kituo.

"Juu ya ghala utamweka nani?" Kibiriti aliuliza.

"Sijui. Nani atakubali?"

Kibiriti alihamisha ile miguu ya chuma kutoka bega moja hadi lingine. Shingo ilikuwa bado inamuuma.

"Mimi," alisema. "Lakini Redio apewe kidude, mimi nitazame. Na kila jioni umuulize yeye kwanza."